Mkono umevunjika, ganzi inachelewa kushika: Mzazi ajue nini?

Maembe yakianza kuiva, mikono ya watoto nayo huanza kuvunjika. Mtoto anateleza tawini, anatanguliza kiganja ili asiumie uso, na uzito wote wa mwili unaishia kwenye mifupa miwili ya kigasha, yaani sehemu iliyo kati ya kiwiko na kifundo cha mkono. Wala si watoto peke yao. Baba aliyejikata na panga, mama aliyenaswa vidole na mashine ya kukoboa, kijana aliyeanguka na bodaboda, wote hujikuta kwenye mlango uleule wa chumba cha upasuaji.

Hapo mlangoni ndipo familia nyingi huelezwa kwa mara ya kwanza kwamba mgonjwa wao hatalazwa kwa nusu kaputi, atachomwa ganzi ya mkono. Sindano inachomwa. Dakika 10 zinapita, hajaanza kupasuliwa. Zinafika 20, bado. Huko nje ndugu wanaanza kuulizana: mbona kimya? Dawa imegoma? Au wanasubiri tutoe kitu?

Mpenzi msomaji, leo tuzungumzie dakika hizo. Kwa nini zipo, wataalamu wanazipunguza vipi, na ni wapi haraka inageuka kuwa hatari kwa mwanao au kwako mwenyewe.

Ganzi ya mkono ni nini hasa?

Mkono mzima, kuanzia begani hadi kwenye kucha, unapata hisia na nguvu kutoka kwenye fungu moja la mishipa ya fahamu. Mishipa hiyo inatoka kwenye uti wa mgongo sehemu ya shingo ikiwa na mizizi mitano, inapita nyuma ya mtulinga, juu ya ubavu wa kwanza, kisha inashuka kwapani na kugawanyika. Mmoja unahudumia kidole gumba na vile vya jirani yake, mwingine kidole cha mwisho, mwingine mgongo wa kiganja, mwingine ngozi ya upande wa nje wa kigasha.

Mtaalamu akiweka dawa ya ganzi kuzunguka fungu hilo, taarifa za maumivu kutoka mkononi haziufikii ubongo. Mgonjwa anabaki macho, anapumua mwenyewe, anaweza hata kuzungumza, huku mkono ukiwa mzito kama si wake.

Kwa nchi yetu, hili lina maana kubwa. Katika hospitali nyingi za wilaya anayetoa usingizi na ganzi si daktari bingwa, bali muuguzi au mtabibu aliyesomea kazi hiyo. Mgonjwa anayepumua mwenyewe hahitaji kuwekewa mpira wa hewa kooni, huwa hasumbuliwi sana na kichefuchefu baadaye, na anaweza kurudi wodini akiwa na ufahamu wake. Kwa mtu mzima aliyekula muda si mrefu kabla ya ajali, au mwenye kifua kibovu, ganzi ya mkono mara nyingi ndiyo njia salama zaidi.

Mbinu yenyewe si ngeni. Mwaka 1884 daktari Mmarekani William Halsted alianza kuchoma dawa kwenye mishipa ya fahamu ili kuzuia maumivu. Dawa iliyokuwepo wakati huo ilikuwa kokeini, na yeye mwenyewe aliishia kuwa mtumwa wake. Mwaka 1911 Wajerumani wawili, Hirschel na Kulenkampff, walieleza namna ya kuchoma ganzi bila kupasua ngozi, mmoja kupitia kwapani na mwingine juu ya mtulinga. Kulenkampff alijijaribia mwenyewe kwanza. Lidokeini, dawa ambayo leo utaikuta hata kwa daktari wa meno, ilitengenezwa Sweden mwaka 1943.

Kwa nini haishiki papo hapo?

Sababu ya kwanza ni umbile la mshipa wenyewe. Ni kama waya wa umeme wenye nyuzi nyingi ndani na maganda kadhaa nje. Sindano haipaswi kuingia ndani ya mshipa, maana inaweza kuujeruhi. Dawa inamwagwa pembeni, kisha inapenya taratibu. Nyuzi za nje zinaguswa kwanza, na hizo kwa kawaida zinahudumia sehemu ya juu ya mkono. Nyuzi za katikati zinazokwenda vidoleni huguswa mwisho. Ndiyo maana mgonjwa anaweza kusema mkono wa juu umekufa ganzi huku kidole bado kinahisi kuchomwa.

Sababu ya pili iko kwenye chupa. Dawa za ganzi hutengenezwa zikiwa na tindikali kidogo ili zisiharibike stoo. Katika hali hiyo, sehemu kubwa ya dawa haiwezi kupenya ganda la mshipa wa fahamu. Inabidi mwili uipunguze tindikali kwanza.

Sababu ya tatu ni aina ya dawa. Lidokeini huanza kushika mapema, kwa kawaida ndani ya dakika 10 hadi 20, lakini huisha baada ya saa chache. Bupivakeini huchukua dakika 15 hadi 30 au zaidi, ila inaweza kumkinga mgonjwa na maumivu kwa nusu siku. Daktari anapochagua anapima mambo mawili: tuanze lini, na maumivu yarudi lini.

Wataalamu wanaharakisha vipi?

Njia rahisi kuliko zote haihusu dawa. Ni kuanza mapema. Hospitali zenye nafasi hutenga chumba kidogo jirani na chumba cha upasuaji. Wakati mgonjwa wa kwanza anashonwa, wa pili anachomwa ganzi kwenye chumba hicho, akiwa amefungiwa vifaa vya kupima mapigo ya moyo, presha na hewa mwilini, na mtu wa kumwangalia yupo. Akiingizwa ndani, mkono tayari umekufa ganzi. Dawa imechukua dakika zake zilezile, lakini hakuna aliyekaa bure kuzisubiri. Mahali ambapo foleni ya mifupa ni ndefu na chumba cha upasuaji ni kimoja, mpangilio huu unaweza kuwa ndio tofauti kati ya mwanao kupasuliwa leo na kuambiwa arudishwe wodini hadi kesho, akiwa amefunga kula tangu alfajiri.

Njia ya pili ni kuona. Zamani mtaalamu alitafuta mshipa kwa kukisia, akimwuliza mgonjwa kama anahisi shoti kidoleni, au akitumia kifaa cha umeme mdogo kinachofanya misuli ishtuke. Mwaka 1994 madaktari wa Vienna, Austria, walionyesha kwamba kwa altrasaundi, mashine ileile ya kuangalia mtoto tumboni, sindano inaweza kuongozwa juu ya mtulinga huku mishipa ikionekana kwenye skrini. Dawa ikiwekwa mahali pake hasa, hushika haraka zaidi, kidogo tu hutosha, na hatari ya kuchoma mshipa wa damu hupungua.

Njia ya tatu ni kuchagua pa kuchoma. Juu ya mtulinga, mishipa yote imebanana mahali padogo, hivyo ganzi ya hapo hushika haraka na kwa nguvu. Lakini pafu liko karibu. Sindano ikikosea, hewa inaweza kuvuja na kulibana pafu. Pia ganzi inaweza kuulegeza kwa muda mshipa unaoendesha kiwambo cha kupumulia upande huo. Kwapani ni mbali na pafu, na panafaa kwa upasuaji wa kuanzia kiwiko kushuka chini, ila mishipa imeshatawanyika na mtaalamu hulazimika kuifuata mmoja mmoja. Kwa hiyo mkichomwa kwapani wakati jirani alichomwa shingoni, msidhani mmepewa huduma ya daraja la pili.

Njia ya nne ni kuichanganya dawa. Wapo wanaoongeza baikaboneti kidogo kwenye lidokeini, kwa kawaida mililita moja kwa kila mililita 10, ili kupunguza ile tindikali tuliyoitaja. Muda unaookolewa ni dakika chache tu. Kwenye bupivakeini inatakiwa tahadhari zaidi, maana baikaboneti ikizidi kidogo dawa huganda kama chumvi ndani ya bomba. Wengine huchanganya lidokeini na bupivakeini ili wapate kasi ya moja na urefu wa nyingine. Mara nyingi wanachopata ni kasi kidogo na urefu uliopungua, na sumu za dawa hizo mbili zinajumlishwa pamoja.

Njia ya tano ni tofauti kabisa. Iligunduliwa na Mjerumani August Bier mwaka 1908. Damu inasukumwa kutoka mkononi kwa bandeji ya mpira, mkanda kama wa kupimia presha unakazwa juu ya kiwiko, kisha lidokeini inachomwa kwenye mshipa wa damu wa mkono huo. Ndani ya dakika 5 hadi 10 mkono umekufa ganzi. Inafaa sana kwa kazi fupi, kama kunyoosha mfupa wa kifundo cha mkono. Masharti yake ni mawili. Mkanda usifunguliwe kabla ya takriban dakika 20 hata kama kazi imekwisha, kwa sababu dawa yote inaweza kukimbilia kwenye moyo na ubongo kwa mkupuo. Na bupivakeini haitumiki kwa njia hii. Imewahi kusimamisha mioyo ya watu.

Hapa mzazi sikiliza vizuri. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na selimundu. Mkanda unaozuia damu mkononi unaweza kuwa hatari kwa mtoto huyo. Kama mwanao ana selimundu, au kuna mwenye selimundu katika familia na mtoto hajapimwa, sema kabla hujaulizwa.

Ipo pia njia ya kuchoma ganzi palepale panapopasuliwa, lidokeini ikiwa imechanganywa na adrenalini ili damu isitoke sana. Daktari Donald Lalonde wa Canada ameieneza kwa upasuaji wa kiganja. Haihitaji mkanda wala nusu kaputi, na mgonjwa anaweza kukunja vidole mezani ili daktari aone kama kano aliyoiunga inateleza sawasawa. Ajabu yake ni kwamba njia hii inadai subira. Inabidi kungoja karibu nusu saa baada ya sindano ili adrenalini ifanye kazi yake.

Haraka yenye hasara

Kuna haraka mbili ambazo hazifai kabisa.

Ya kwanza ni kuongeza dawa ili ishike upesi. Dawa ya ganzi ikizidi kwenye damu ni sumu. Mgonjwa anaweza kuhisi ladha ya chuma mdomoni, ganzi kwenye midomo, masikio kuvuma, kisha akapata degedege na moyo kusimama. Kipimo cha juu cha lidokeini isiyo na adrenalini kinachotumika sana ni miligramu 4.5 kwa kila kilo ya uzito. Mtoto wa kilo 20, basi, mwisho wake ni miligramu 90. Kwenye dawa ya asilimia 1 hizo ni mililita 9. Kwenye chupa ya asilimia 2 ni mililita 4 na nusu tu. Chupa mbili zinazofanana, na moja ni kali mara mbili ya nyingine.

Ndiyo maana mtoto anapimwa uzito kabla ya kupelekwa chumba cha upasuaji. Usikisie. Usiseme "ana kama kilo 25 hivi". Kama mzani haujatumika, omba utumike. Mgonjwa akihisi lolote kati ya dalili nilizotaja, aseme hapohapo, maana dawa ya kumwokoa, mchanganyiko wa mafuta unaopitishwa kwenye dripu, hufanya kazi vizuri zaidi ikiwahi.

Haraka ya pili ni kuanza kupasua kabla ganzi haijashika. Mtaalamu makini hupima kwanza. Anagusa ngozi kwa pamba yenye spiriti na kuuliza kama inahisi baridi. Anafinya kidole cha shahada, kisha cha mwisho. Anakuambia kunja kiwiko, nyoosha kiwiko. Anafanya hivyo kwa kila mshipa, kwa sababu mmoja unaweza kuachwa.

Sehemu moja ikiwa bado inauma, lipo la kufanya: kungoja, kuongeza sindano ndogo kwenye mshipa uliobaki bila kuvuka kipimo, au kumlaza mgonjwa usingizi. Kuambiwa "vumilia kidogo, wewe si mtoto" si tiba. Katika mila zetu tunasifu anayevumilia, hasa akiwa mwanamume au mama mzazi. Lakini juu ya meza ya upasuaji, mgonjwa anayesema "nasikia maumivu" anatoa taarifa ambayo daktari anaihitaji. Mguso na kuvutwavutwa huweza kuhisiwa hata ganzi ikiwa nzuri. Maumivu makali, hapana. Mfundishe hivyo mgonjwa wako kabla hajaingia.

Na kwa watoto wadogo?

Mtoto wa miaka minne hatakaa kimya sindano ikitafuta mshipa wa fahamu karibu na pafu lake. Kwa hiyo, kwa watoto ganzi ya mkono mara nyingi huchomwa wakiwa wameshalazwa usingizi, ikiongozwa na altrasaundi pale ilipo. Msione kwamba wanapewa dawa mbili kwa kosa. Usingizi unawatuliza, na ganzi inawaondolea maumivu wanapoamka, hivyo kiasi cha dawa nyingine kali kinapungua. Kwingine mtoto atapewa ketamini peke yake na kunyooshwa mfupa ndani ya dakika chache. Zote ni njia halali. Uliza tu ipi imechaguliwa na kwa nini.

Kazi yako kabla ya sindano

Mambo ambayo mzazi au ndugu anaweza kufanya ili saa zisipotee ni machache, na yote yako mikononi mwako.

Kumbuka saa ya mlo wa mwisho, na useme kweli. Kwa upasuaji uliopangwa, chakula husimamishwa saa 6 kabla, maziwa ya mama saa 4, maji matupu saa 2. Uji na maziwa ya ng'ombe vinahesabiwa ni chakula. Hata kama ni ganzi tu, mfungo unahitajika, kwa sababu ganzi ikikataa mgonjwa atalazwa usingizi. Bibi mwenye huruma anayempa mjukuu chai ya maziwa na andazi kisiri saa 12 asubuhi anaahirisha upasuaji, au anahatarisha pumzi ya mtoto.

Vua pete, bangili na saa mapema, kabla mkono haujavimba. Futa rangi ya kucha, maana kifaa cha kupima hewa mwilini hubanwa kidoleni na rangi inaweza kukipotosha.

Taja dawa zote anazotumia, hasa za kuyeyusha damu na za kifafa. Taja mzio, pumu, ugonjwa wa moyo, selimundu. Kama kuna vidole ambavyo tayari vina ganzi au havikunji tangu ajali, mwonyeshe daktari kabla ya sindano. Ikishachomwa, hakuna atakayejua kama ganzi hiyo ni ya ajali au ya dawa.

Akisharudi wodini au nyumbani

Mkono uliokufa ganzi haujui moto. Mweke mbali na jiko la mkaa, chai na ugali wa moto. Ufungwe shingoni kwa kitambaa, asiulalie, na mtoto asiachwe aunyanyue ukamwangukia usoni.

Mpe dawa ya maumivu aliyoandikiwa kabla ganzi haijaisha. Ganzi ikiondoka kwa ghafla usiku na hakuna dawa nyingine mwilini, maumivu huja kwa kishindo na nyumba nzima hailali.

Na hili lishike vizuri, hasa mtoto akiwa amefungwa hogo. Maumivu yakizidi badala ya kupungua, vidole vikivimba, vikawa baridi au kubadilika rangi, au mtoto akilia mno unapovinyoosha vidole vyake taratibu, rudi hospitali usiku huohuo. Huenda misuli ya kigasha inabanwa na uvimbe na kukosa damu, na hiyo ni dharura ya saa chache. Ganzi nzito inaweza kuficha maumivu hayo, kwa hiyo usiangalie kilio peke yake. Angalia vidole. Vilevile, ganzi ikiwa bado haijaondoka baada ya siku nzima, au mgonjwa akipata shida ya kupumua, usingoje kliniki.

Mtaalamu akitoka mlangoni, muulize maswali haya manne: mtachoma wapi, ni dawa gani, itachukua muda gani kushika, na itaisha saa ngapi? La mwisho liandike kwenye simu yako. Ndilo litakalokuambia uweke alamu ya kumpa dawa ya maumivu saa ngapi.

Safu hii ni ya elimu kwa familia. Haichukui nafasi ya ushauri wa mtaalamu anayemwona mgonjwa wako.